Walimwita Pokea

Juzi nilifungua begi la mpira la mwanangu nikajuta kuwa na pua. Lilikuwa limekaa nyuma ya mlango wa jikoni tangu wiki iliyopita, zipu imefungwa vizuri kabisa, kama vile ndani mna kitu cha heshima. Ndani mlikuwa na soksi. Sitazieleza sana, maana huenda unakula. Niseme tu kwamba moja ilisimama yenyewe nilipoiweka sakafuni, na ile harufu ya jasho lililochacha, nyasi na dawa ya kuchua misuli ilinipanda hadi machoni. Nilikimbilia dirishani. Na pale dirishani, bado nimebana pua, nikajikuta niko Overport, mtaa wetu wa Durban, mtoto wa shule ya msingi, na bibi yangu ananikabidhi beseni.

Wewe unayenijua unajua kwamba sipendi mpira. Watu hudhani ni maringo. Si maringo, ni kinyaa, na kinyaa changu kina historia yake.

Tuliishi watatu, bibi, kaka yangu na mimi, katika chumba kimoja chenye jiko, ghorofa ya pili, jengo ambalo ngazi zake zilinuka mkojo wa paka na vitunguu vya kukaanga. Bibi aliuza ndagala kule soko la Warwick, wale dagaa wakavu tunaowapenda sisi watu wa Burundi, akikaa katikati ya honi za taxi na moshi wa vichwa vya ng'ombe vinavyochemshwa hapo hapo barabarani. Jioni alirudi na mfuko wake mkubwa wa milia, na sisi tulikuwa na kazi moja isiyojadiliwa: kushuka kumpokea. Nani asiyekumbuka mambo hayo? Mtu mzima akionekana kwa mbali na mzigo, mtoto anakimbia, mkono unatangulia, mzigo unahama, halafu ndiyo salamu. Mimi nilikimbia, lakini kaka alifika kwanza kila siku. Aliuchukua mfuko ule bila hata kuutazama, pale pale kwenye robot, ndivyo tunavyoziita huku taa za barabarani, na bibi alivuka barabara mikono mitupu akijinyoosha mgongo.

Mikono yake ilijua kupokea mizigo na miguu yake ilijua kupokea mpira. Alikuwa akisoma ufundi wa umeme katika chuo kimoja cha mjini na alichezea timu ya chuo. Timu nzima ilikuwa na mpango mmoja tu: pigeni mpira mrefu, kaka yuko mbele. Mpira ulikuwa ukitoka nyuma, juu kabisa, naye anaugeukia, anaushusha kwa kifua au kwa unyayo, unatulia miguuni pake kama paka aliyeshiba. Wachezaji wenzake wa Burundi, Kongo na Tanzania walikuwa wakimpigia kelele, "Pokea! Pokea!" Sasa, nusu ya timu walikuwa Wazulu, na nahodha mwenyewe alikuwa Mzulu. Wao walisikia neno lile kila mpira unapomwendea, wakadhani ndilo jina lake. Nahodha alikuja kwetu siku moja, akabisha hodi, akamsalimu bibi kwa adabu zote za Kizulu na kuuliza, "Sawubona, Gogo. Pokea yupo?" Bibi akadhani ameletewa kitu. Akanyoosha mikono miwili. Tulicheka siku hiyo mpaka jirani akagonga ukuta. Tangu hapo jina halikutoka tena, hata mhubiri wa kanisa letu alimwita hivyo.

Na kwa sababu ya mapenzi kwa mjukuu wake, bibi akajitolea kufua jezi za timu. Ilikuwa seti moja tu, za bluu. Kila Jumamosi jioni kaka alileta mfuko, na kila Jumatatu aliurudisha umekunjwa vizuri. Lo! Ninyi mnaoziona jezi zikimetameta uwanjani hamjui zinatokea wapi. Nilikuwa nazichambua kwenye beseni kwa vidole viwili, kichwa nimekigeuza upande. Soksi zilikuwa ngumu kama magamba. Glavu za kipa zilikuwa na mate, maana alikuwa akizitemea kila mara ili zishike. Mchezaji mmoja alikuwa na tabia ya kupenga kamasi kwenye mkono wa jezi, na mpaka leo nikimwona mwanaume ameshika pua kwa mkono wa shati, hamu ya chakula inanitoka. Maji ya kwanza yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Nililalamika, wee, nililalamika. Bibi alisugua kwa sabuni ya mche, akaniambia maneno ambayo nimebaki nayo: "Jasho ya mtoto wangu hainukake." Kwake jasho la mtoto halinuki, na jezi zote alizihesabu kuwa za mtoto wake.

Goti la kaka liliharibika mbele yetu. Mpira mrefu, kama kawaida, kelele za "Pokea!" kama kawaida, akaruka kuushusha, na beki mmoja akamwingia kwa nyuma. Nilikuwa mbali lakini nilisikia goti likiachia. Kocha alikuja na chupa ya maji baridi, akammiminia gotini, akamwambia ainuke aache kudeka. Alipoona goti linavyovimba akainua mkono kumwita mwingine aingie. Mechi iliendelea. Kaka tulimpeleka hospitali sisi wenyewe, bibi na mimi na dereva mmoja wa taxi aliyetuonea huruma. Alipasuliwa, akarudishwa nyumbani na magongo mawili, akalala kitandani karibu na dirisha, asijue kama mguu utarudi.

Kidonda chake nilikiosha mimi. Kulikuwa na siku kilitoa usaha, na bandeji ilikuwa na harufu yake. Sikuona kinyaa hata kidogo. Nakwambia hili ujue kwamba pua yangu haina ubaguzi wa bure.

Timu, kwa upande wake, ilihangaika. Tulisimuliwa na jirani yetu Mkongomani, mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa akiangalia mechi zote. Mwanzoni waliendelea kupiga mipira mirefu kwa mazoea, ikaenda mahali ambapo kaka angekuwa, haikumkuta mtu, ikavuka ukuta na kuangukia kwenye magari yanayooshwa ng'ambo. Wakafungwa. Ndipo kocha akabadilisha mambo. Sasa mpira ulipita chini, pasi fupi fupi, kila mtu agawe, na mbele akamweka kijana mwingine mwepesi. Kijana huyo alipewa namba ya kaka. Alivaa na njumu za kaka, zile zilizobaki kwenye chumba cha kubadilishia nguo siku ya ajali, wala hakuna aliyekuja kuuliza kama ni ruhusa. Na mashabiki, ambao hawakuwa na habari na Kiswahili, waliona namba ile ile, viatu vile vile, wakamwita Pokea.

Wakaanza kushinda. Sikatai, ndiyo kazi ya timu, mmoja akianguka wengine wajipange. Ningeweza kuwasamehe hata zile njumu. Lakini hakuna aliyekuja kumwona. Hata mmoja. Baadaye ikajulikana kwamba kocha ndiye aliyewakataza, akisema mkosi wa mguu unaambukiza, anayekwenda kukaa karibu na kitanda cha majeruhi atauleta uwanjani. Watu wazima, wanafunzi wa chuo, wakamsikiliza.

Ila jezi walileta. Hapo ndipo ninapotaka kutema mate hata sasa. Jumamosi jioni tulisikia miguu kwenye ngazi, halafu hodi, kisha miguu ikishuka mbio. Ukifungua, mfuko. Ijumaa walikuja hivyo hivyo kuchukua zilizofuliwa, nazo bibi aliwawekea nje. Mkosi wetu waliuogopa, sabuni yetu hawakuiogopa.

Na kaka, kila aliposikia miguu, alijiinua. Alivuta shuka kulifunika goti, akavaa shati lake la kola, akaanza kufunga vifungo. Mimi nilifungua mlango. Nikasimama pale na mfuko. Yeye akasema tu, "Ni jezi?" Nikajibu ndiyo. Akavifungua vifungo kimoja kimoja. Jumamosi iliyofuata, akavaa tena.

Bibi aliendelea kufua, na mimi nilimchukia kwa hilo, kwa akili zangu za utoto. Nadhani hakuwa ameona lile shati, maana mara nyingi alikuwa jikoni ametugeuzia mgongo. Siku alipoliona, alikuwa ameshika mwiko. Alimtazama kaka akifungua vifungo, akautazama mfuko mikononi mwangu, akaniuliza, "Hawa wanakuyaka kuona mtoto ao wanakuyaka kuona sabuni?"

Nikamwambia, "Wanakuja kwa sabuni, bibi. Wameshakimbia."

"Leta hapa."

Aliumimina mfuko kwenye beseni, akatia maji, nikadhani ameshindwa tena. Lakini hakutia sabuni. Alizilowesha tu zikalowa vizuri, akazirudisha mfukoni hivyo hivyo zikichuruzika, akaufunga fundo, akausukuma nyuma ya jiko, pembeni ya magunia ya ndagala, kwenye joto.

Sijui nikueleze vipi wiki ile. Durban mwezi wa pili, unyevu unashika kuta, na jezi za timu nzima zinaoza jikoni. Siku ya tatu walikuja nzi. Siku ya nne zikaanza kushinda ndagala, na wewe unajua ndagala hawashindwi kirahisi. Jirani Mkongomani alibisha mlango, kitambaa puani: "Mama, humu ndani iko mutu alikufa?" Bibi akamjibu, "Bado, ndugu yangu. Atakufa Jumamosi." Ijumaa miguu ilipanda ngazi, haikukuta kitu mlangoni, ikasimama kidogo, ikashuka.

Jumamosi ilikuwa fainali. Bibi alivaa kitenge chake cha kanisani, akabeba ule mfuko mwenyewe, kaka akaja na magongo, nami nikatembea mbele ili upepo usinikute. Karibu timu yote ilikuwa imesimama pembeni ya uwanja vifua wazi, ikisubiri jezi. Kocha alituona, akasogea, lakini si karibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Kisha akamgeukia kaka: "Wewe kijana ubaki hapo hapo, usivuke mstari. Unaelewa mambo ya mechi."

Kaka akasimama. Bibi akaunyoosha mfuko mbele yake kwa mikono miwili, maji yenye utelezi yakidondoka. Akawaambia wote, kwa sauti aliyoitumia kuwaitia wateja Warwick, "Haya, pokeeni."

Harufu iliwafikia kabla ya neno. Waliangaliana. Mmoja alijiziba mdomo. Watu wazima wote wale, na bibi kizee amesimama na mzigo mkononi, hakuna mkono ulioinuka. Wakati huo huo kule upande wa pili yule kijana mpya alikuwa akipasha misuli, na mashabiki wakaanza kuimba, "Pokea! Pokea!"

Kaka aligeuka. Nilimwona akigeuka, uso umeng'aa, mkono umeanza kupunga. Kisha akaona wanayemtazama ni nani. Akaushusha mkono ule, akaacha gongo moja likaanguka, akauchukua mfuko kutoka kwa bibi. Bila kuutazama, kama kwenye robot. Akasimama hapo kwa mguu mmoja, maji machafu yakimtiririkia kwenye suruali.

Nahodha alikuja mbio. "Eish, Gogo, pole. Eish." Aliutoa mfuko mikononi mwa kaka, akafungua fundo, akavaa jezi yake mbele yetu, machozi yakimtoka, sijui ya aibu au ya uvundo. Wengine wakafuata.

Ungependa nikwambie kwamba walifungwa. Walishinda. Mabeki wa timu pinzani hawakutaka kuwasogelea. Na kocha, mtu yule, alituma ujumbe kwetu kwamba tusizifue tena jezi zile, kumbe zina bahati. Salamu kwa kaka haikuwemo. Nahodha peke yake ndiye aliyekuja, kesho yake, akakaa kitandani kando ya goti, akala ugali. Alimwita Pokea, kaka akaitika.

Bibi hayupo tena. Uwanjani wamejenga maduka na maegesho ya magari. Yule mama Mkongomani amehamia Isipingo, na huko ndiko kaka naye anakotengeneza friji na pasi, akiburuta mguu kidogo siku za mvua. Vijana wa mtaani kwetu wakicheza huwa nawasikia bado wakipigiana kelele, "Pokea!", watoto wa Kizulu watupu, na hakuna anayejua walilitoa wapi.

Basi zile soksi za mwanangu nilizitia kwenye mfuko wa taka. Jumapili kaka alikuja kula kwetu, akapiga simu kuwa ameshashuka kwenye taxi. Nikamwambia mwanangu, "Shuka ukampokee mjomba, ana mzigo." Hakuinua macho kwenye simu yake. Akaniuliza, "Kwani hawezi kupanda?"

Nilimtazama kijana yule niliyemzaa mwenyewe, nikasikia kichefuchefu ambacho soksi hazikunipa. Nikavaa kandambili, nikachukua ule mfuko wa taka niutupe njiani, nikashuka. Kaka alikuwa ameshavuka robot, mfuko wa nyanya mkono mmoja, mguu ukiburuta. Nilianza kukimbia, mkono wangu umetangulia. Kabla sijamfikia, kabla hata ya salamu, yeye alikuwa ameshanyoosha wake kupokea taka zangu.