Tume ya Kuchunguza Bao Moja

Mwaka ule tulifungua msimu kwa kufungwa na timu iliyofika na watu tisa. Ninalisema mapema ili mtu asije akadhani ninalificha. Chuo chetu pale Bunia kilikuwa na timu ambayo tuliisifu mpaka wenyewe tukaiogopa, na mechi ya kwanza ya michuano ya vyuo ilitukutanisha na chuo cha ng'ambo ya barabara, ambacho hakikuwa hata na jezi za rangi moja. Walifika uwanjani wachezaji tisa. Wawili walikuwa bado njiani, wanapanda kutoka Kasenyi, kule ziwani, ndani ya gari la samaki. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili na sekretere wa komite ya washabiki. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na kwa sababu, alivyosema prezida wa komite, msichana hapotezi karatasi. Juu ya hiyo nilikuwa kiongozi wa shangwe. Nilivaa filimbi shingoni, nikasimama mbele ya washabiki, mgongo kwa uwanja, nikawaongoza: filimbi mbili fupi, wimbo unaanza, filimbi moja ndefu, wimbo unakatika. Ndiyo maana, katika mechi zote za chuo nilizohudhuria, sijawahi kuona bao hata moja likiingia. Nilikuwa nayasoma kwenye nyuso za watu.

Habari ya komite lazima niieleze, maana mtu asiye wa kwetu hataelewa yaliyofuata. Bunia, ukiwaacha watu watatu chini ya baraza moja wakingoja mvua, mvua ikikatika utawakuta wana prezida, sekretere na mshauri wa maadili. Sisi washabiki tulikuwa na wote hao, na makamu wao. Tulikuwa na kanuni za kurasa kumi na moja, na goli letu halikuwa na nyavu. Kanuni zilisema hivi: timu ikifungwa, inaundwa tume ya uchunguzi, tume inaandika PV, yaani ripoti, PV inasomwa mbele ya mkutano mkuu, inapigiwa kura, inasainiwa na kugongwa muhuri. Jambo lisiloandikwa kwenye PV halijatokea. Lililoandikwa, hata kama halikutokea, basi limetokea.

Golikipa wetu alikuwa kijana mrefu, mpole, wa huko Djugu. Familia yake ilikuwa imekimbia vita, na mama yake alikuwa anaishi kwenye kambi ya waliokimbia, pembeni ya mji. Chuo kilikuwa na chumba kimoja nyuma ya maktaba, chenye vitanda na taa, kwa ajili ya wachezaji wasio na pa kulala mjini. Kitanda chake humo ndicho kilichombakisha shuleni. Mchezaji aliyetolewa kwenye timu alirudisha ufunguo siku hiyo hiyo, na huyu angerudi chini ya turubai la mama yake, watu sita mahali pamoja, bila hata pa kuweka daftari. Wote tulijua kwamba akirudi huko, mwaka wake wa masomo umekwisha.

Siku ya mechi ile mama yake alikuja kumwangalia kwa mara ya kwanza, yeye na akina mama wenzake wa kambini, wamevaa vitenge vya Jumapili. Niliwapa nafasi ya mbele. Mama golikipa alikaa juu ya bidoni ya maji aliyoigeuza, mikono mapajani, kama yuko kwenye matanga. Nilimshika mkono nimwinue acheze na wenzake, akaurudisha taratibu.

"Acha tu, mwana," aliniambia. "Miye nitaangalia tu."

Nikamwacha, nikarudi kazini. Mpaka mapumziko hakuna aliyefunga, jambo ambalo lilikuwa tayari aibu, wao wakiwa tisa. Kipindi cha pili kilipoanza, gari la samaki likaingia mpaka kando ya mstari, wachezaji wawili wakaruka kutoka juu ya mizigo na kuingia uwanjani, mmoja bado ana magamba kwenye kaptula. Washabiki wetu wakaziba pua kwa pamoja. Hilo nililiongoza mimi na nililipanga vizuri.

Zilibaki dakika kama kumi. Nyimbo zetu zilikuwa zimechoka, sauti zimekauka kwa vumbi. Hapo akina mama wa kambini wakaanzisha wimbo wao wenyewe, wimbo wa mavuno, kwa lugha ya kwao, wakasimama na kupiga makofi. Ulikuwa wimbo mzuri. Lakini haukuwa kwenye programu yangu, na mimi na programu hatukuwa watu wa kutaniana. Nilikuwa nimeiandika kwa mkono, wimbo wa kwanza mpaka wa kumi na nne. Nikavuta pumzi, macho kwenye karatasi, nikapiga filimbi moja ndefu, kwa nguvu zote za mapafu yangu.

Wimbo haukukatika. Waliokatika ni mabeki wetu. Haya nilisimuliwa baadaye, kwa kuwa nilikuwa nimeupa uwanja mgongo. Walidhani refa amepiga filimbi ya kuotea, wote wanne wakainua mikono na kusimama. Golikipa naye alisimama wima kama mti wa umeme, macho upande wetu. Yule mtu wa gari la samaki akapita katikati yao, akiangalia kushoto na kulia kama anayeingia nyumba ya watu bila kupiga hodi, akausukuma mpira ndani polepole. Refa, ambaye alijua vizuri kwamba yeye hakupiga kitu, akaonyesha katikati.

"Nani alipiga filimbi? Nani ule?" Watu wote walikuwa wanauliza. Naona aibu kuandika hili, lakini nami niliuliza, tena kwa sauti kuwapita wote, na filimbi yangu ikiwa tayari ndani ya blauzi. Macho ya washabiki wakati ule yalikuwa kwa akina mama na kwa mpira, na sikuwa peke yangu mwenye filimbi. Wale wa ng'ambo walikuwa nazo, hata polisi wa barabarani pale kwenye mzunguko alikuwa nayo. Nilijificha ndani ya wingi huo kama kuku wa kuibwa.

Mechi ikaisha hivyo. Mshabiki mmoja alikaa chini vumbini akatangaza kwamba anahama chuo. Mshauri wetu wa maadili alimtukana refa kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na ambayo wiki ile nililazimika kuyaandika kwenye PV. Asubuhi yake tulikuta wale wa ng'ambo wametundika samaki mkavu kwenye geti letu. Mlinzi wa geti alimpeleka nyumbani akampika, kisha akauliza mechi ya marudiano ni lini.

Tume ilikuwa ya watu watatu: prezida, mshauri wa maadili na mimi wa kuandika. Kuhusu asili ya filimbi tuliweka dhana tatu: washabiki wa ng'ambo, polisi wa barabarani, au ndege wa aina isiyojulikana. Prezida akasema filimbi si hoja, maana golikipa anamsikiliza refa tu, na mabeki wote wanne, kwa kujiokoa, walikuwa wametoa ushahidi kwamba wao walisimama kwa kuwa golikipa alisimama. Watu wanne wakisema neno moja, kwetu hilo si neno tena, ni kifungu cha sheria.

"Tutarudilia ile bao hatua kwa hatua," alisema prezida. "Pale pale ku uwanja."

Tukaenda. Golikipa akaamriwa asimame kama alivyosimama. Mimi niliwekwa mahali pa mabeki wote wanne, na daftari mkononi. Prezida akachukua nafasi ya mtu wa samaki, amevaa viatu vyake vya ofisi vyenye ncha. Mpira wa kwanza uliingia kwenye shamba la mihogo. Wa pili ulimpata mshauri wa maadili tumboni. Mara ya tatu kiatu ndicho kilichoingia golini, mpira ukabaki palepale ulipokuwa. Golikipa alikuwa bado hajasogea, kwa kuwa ndivyo alivyoamriwa.

"Andika: bao iliingia," alisema prezida, akiruka kwa mguu mmoja kwenda kuchukua kiatu. Nikaandika.

Kisha akamgeukia golikipa, akitaka sababu. "Juu ya nini ulisimama?"

"Nilikosa, Prezida. Siko na kitu ya kusema."

"Ulisikia filimbi ao hapana?"

Golikipa aliangalia chini, hakujibu.

"Andika: alinyamaza kwa kiburi."

Niliandika "alinyamaza". Kiburi nilikiacha. Huo ndio ushujaa wote niliokuwa nao wiki ile. Chakula kilinishinda, na dada yangu mkubwa akaniuliza kama ni malaria. Nilimjibu kwamba ni mitihani, ingawa mitihani ilikuwa mbali.

Jumamosi asubuhi mkutano mkuu ukajaa kuliko misa ya Pasaka. Nikasimama kusoma PV, kurasa tisa, na watu walipiga makofi nilipofika kwenye matusi ya mshauri. Mwishoni kabisa kulikuwa na hitimisho: golikipa anabeba kosa peke yake, anatolewa kwenye timu, anarudisha ufunguo wa chumba. Niliinua macho kumtafuta. Alikuwa amekaa safu ya nyuma, na ufunguo ulikuwa tayari mkononi mwake. Alikuwa ameuleta kabisa, asitusumbue kuuomba. Hapo roho yangu ilinisuta mpaka nikasahau nilikuwa nasoma mstari gani.

"Prezida, niko na neno," nilisema. "Juu ya ile filimbi."

"Sekretere, ile neno iko mu ordre du jour?"

"Hapana."

"Basi iache, utaiweka mu divers."

Ordre du jour ni ajenda, na divers ni mengineyo, kipengele chake cha mwisho; sisi tulikuwa kwenye cha nne. Kanuni niliziandika mimi mwenyewe kwa mwandiko wangu unaosomeka, kwa hiyo sikuwa na pa kushika. Walipiga kura ya kumtoa golikipa nami nikahesabu mikono, kwa kuwa ndiyo kazi ya sekretere. Kisha tukajadili nani atafua jezi. Kisha tukamshukuru mama mmoja aliyetupa maji ya kunywa. Mengineyo yalipofika, mtu mmoja alinitangulia akaeleza kwa urefu habari ya mwavuli wake uliopotea. Nilimchukia yule mtu kwa moyo wote.

Zamu yangu ilipofika, niliingiza mkono ndani ya blauzi nikatoa filimbi.

"Ni miye nilipiga," nilisema.

Ukumbi ukalipuka. Mmoja alipendekeza nipelekwe chuo cha ng'ambo nikakae nao. Prezida alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaniangalia kama mtu aliyeumwa na mbuzi wake mwenyewe.

"Lakini ni weye uliandika zile dhana tatu."

"Ndiyo, Prezida."

"Na ile ya ndege?"

"Ya ndege niliitunga."

Walibishana nusu saa kama ungamo la kipengele cha mengineyo linaweza kufuta kura ya kipengele cha nne. Mwishowe mshauri wa maadili akasema linaweza, kwa kuwa maadili ni kila mahali. Wakapiga kura upya: golikipa anabaki na kitanda chake, mimi ninanyang'anywa filimbi, ninavuliwa usekretere, na ni marufuku kusimama na washabiki mpaka msimu uishe. Ila kwa vile hakukuwa na mwingine mwenye mwandiko unaosomeka, nilipewa karatasi niandike PV ya kufukuzwa kwangu. Niliandika vizuri. Wakasaini, wakagonga muhuri.

Nilitoka nje mwepesi, nimeaibika na nimeshiba furaha. Golikipa akanifuata mpaka kwenye bomba la maji. Nilidhani anataka kushukuru, nikaanza kutengeneza uso wa mtu anayeshukuriwa.

"Dada," alisema, "ile filimbi miye sikuisikia."

Sikuelewa. Nilimuuliza kwa nini basi alisimama.

"Niliona mama. Alisimama, akaanza kucheza na benzake. Tangu tulikimbia, mama hachezi. Hata ku kanisa anaikala tu. Nilimuangalia, nikasahau mupira."

"Juu ya nini haukusema kwa tume?"

"Ningesema, bangemuita."

Alikuwa ameweka kitanda, taa na mwaka wake mzima juu ya meza, ili watu wenye kalamu wasimguse mama yake. Na mimi ndiye nilikuwa na kalamu.

"Lakini sasa weye unabeba kosa ya bure," aliendelea. "Bado bako mule ndani. Acha niende nibaambie."

Akageuka kweli. Nikamwona akilini mama yule anaitwa mbele ya tume, prezida anamwambia arudilie kucheza hatua kwa hatua, mshauri wa maadili anapima kutoka bidoni mpaka golini, na sekretere mpya anaandika kwa mwandiko mbaya: alicheza. Nikamshika golikipa mkono wa jezi, nikamvuta.

"Unaenda wapi?" nilimuuliza. "PV imekwisha kusainiwa. Filimbi nilipiga miye, weye uliisikia, ukasimama."

Golikipa akatia ufunguo mfukoni, akaenda kusoma.