Vigimbi vya Mwanangu

Tarehe 9 Agosti 1988 nilimpoteza mwanangu wa kwanza, nyumbani kwetu Mugango. Alikuwa na miaka kumi na minne.

Alipokuwa mdogo watu walimsifia vigimbi vya miguu. Vilikuwa vinene na vigumu kama vya mtu mzima. Mama mkwe wangu alivipiga kofi mbele ya wageni: "Tazameni! Huyu hataibiwa ng'ombe!"

Hata alipoanza kuanguka ovyo, na kuinuka kwa kujishika mapaja, bibi yake alisema ni uvivu tu. Kila asubuhi alimpandisha kwenye majabali nyuma ya nyumba ili miguu ikaze. Mtoto akishuka analia, bibi anamkanda kwa samli. Nami nilikubali, maana vile vigimbi niliviona kwa macho yangu.

Mwaka 1983 nikampeleka hospitali Musoma. Bidhaa zilikuwa zimeadimika nchini na mabasi hayakuwa na dizeli, tukapanda lori la samaki. Daktari alimtazama akiinuka kutoka sakafuni, kisha akaniketisha.

"Mama, mtoto akiwa tumboni, nyama ya mguu inaanza kama chembe hai ndogondogo. Zinajipanga, zinagusana, halafu ukuta kati yazo unatoweka. Zinakuwa uzi mmoja mrefu. Umeona matone ya mafuta kwenye mchuzi yanavyokutana?"

"Mafuta yenyewe tumeyasahau sura, daktari."

Akacheka kidogo. Akasema za mwanangu ziliungana vizuri, ila nyuzi zake zinachanika akizitumia. Pembeni kuna chembe za akiba. Uzi ukichanika, zinakuja kuungana nao na kuuziba. Kwake zilikuwa zinaitwa kila siku, na mwisho zingechoka, miguuni kwanza, kisha kifuani. Unene wa vigimbi ulikuwa mafuta na makovu.

"Dawa?"

"Haipo. Si hapa Musoma tu, haipo popote. Asipandishwe milima."

Darasa langu la saba lilinitosha kuelewa hilo la mwisho.

Nyumbani nilimweleza mama mkwe.

"Daktari huyo amelea wangapi?" akauliza. "Mimi wanangu wote nilikuwaga nawapandisha. Nani kati yao hatembei?"

Kesho yake nikamkuta ameshamshika mtoto mkono. Nikasimama mlangoni.

"Mama, leo hapandi."

Mtoto alimtazama bibi yake. "Bibi, nimechoka."

Bibi akamwachia mkono. Kisha akageuka, akachuchumaa mbele yake. "Haya, mzee wangu, panda mgongo huu. Huu hauna mawe."

Alimbeba hivyo mpaka mgongo wake ulipokataa. Baadaye maduka ya Bunda yalipoanza kujaa tena, tulimpatia godoro, kwa kuwa alikuwa hainuki.

Alasiri ile ya Agosti tulimtoa nje, bibi akimshika kwapani, mimi miguuni. Neno lake la mwisho lilikuwa kwamba jua linampiga machoni. Tukamgeuza.