Chupa Hamsini Katika Mtungi Mmoja

Nyie mnaokunywa bia siku hizi huku mnapapasa mfuko kila mhudumu akipita, kaeni vizuri mumsikie Damiano wa Usevya, alipokuwa kijana wa genge la reli pale Mpanda, mwaka wa sabini na moja. Mshahara wake ulikuwa shilingi mia na sabini kwa mwezi. Bia ilikuwa shilingi mbili na nusu, na chupa yenyewe ilikuwa na tumbo la kueleweka. Mwenye mia na sabini yake mfukoni hakuomba njia, alipishwa. Watu wa genge walibeba mataruma ya reli mabegani mwezi mzima, wakala vumbi la kokoto, wakatukanwa na nyapara mpaka wakazoea, lakini Jumamosi ya mshahara walioga, wakavaa mashati meupe, na mtaa wote wa Kashaulili ukajua wenye mji wamefika.

Damiano alikuwa na meza yake kwenye baa iliyokuwa karibu na soko, meza ya nje. Hakukubali hata siku moja mhudumu aondoe chupa tupu. Zilisimama mbele yake kama askari wa gwaride, nembo zikitazama barabarani, ili mpita njia ahesabu mwenyewe, asije akaambiwa uongo na watu. Kumi na mbili, siku nyingine kumi na nne. Kwamba nne kati ya hizo zilikuwa zimenywewa na watu wa meza ya pili, hilo hakuulizwa, na yeye hakuwa mtu wa kujibu asichoulizwa.

Sasa kijana wa namna hiyo alikuwa amempenda Natalia, binti wa Mzee Fabiani, wa hukohuko kijijini Usevya. Posa ilipopelekwa, Mzee Fabiani hakuikataa. Alisema habari za mshahara amezisikia, tena mshahara ni kitu kizuri, ila yeye katika maisha yake hajauona ukiota. Marehemu baba yake Damiano aliacha jaruba la mpunga, na jaruba hilo lilikuwa limerudi kuwa nyasi. Kijana alilime kabla mvua hazijakaza, na alilime kwa kuita majirani, si kwa vibarua wa kulipwa.

"Asiyeweza kukusanya watu kwenye jembe, hatawakusanya kwenye msiba," alimwambia mshenga. "Mwanangu nimpeleke kwa mtu atakayezika peke yake?"

Kuita majirani kila mtu Usevya alijua maana yake. Unapika pombe ya ulezi, unatangaza siku, watu wanakuja na majembe alfajiri, wanalima mpaka jua la utosi, halafu wanauzunguka mtungi mmoja, kila mmoja na mrija wake, wanavuta pamoja. Hakuna anayelipwa wala anayedai. Leo wewe, kesho mimi. Pombe yenyewe lakini haitaki haraka, inataka siku nane. Mama yake Damiano, Mama Eufrazia, alimtumia mwanawe salamu Mpanda kuuliza kama aanze kuloweka ulezi. Damiano akarudisha jibu kwamba mama apumzike, mtoto wa reli hawezi kuwanywesha watu ulezi. Atakuja na bia ya chupa.

Alipewa likizo ya siku tano. Alhamisi alishuka Usevya kutoka juu ya lori, amepauka vumbi kuanzia nyusi mpaka kucha. Njia nzima kupitia Sitalike alikuwa amekaa na kreti mbili katikati ya miguu, na blanketi lake alilivisha bia, yeye akapigwa baridi. Lori likiruka shimo, wenzake walishika kofia, yeye alitega sikio kama kuna kilichopasuka. Chupa hamsini, zote nzima. Ukijumlisha na nauli, hapo ndipo ulipolala mshahara wa mwezi ule.

Jumamosi alfajiri walifika watu thelathini na moja, wanaume kwa wanawake. Mbele yao alikuwa Mzee Cletus, kaka wa marehemu baba yake, mkuu wa wakulima wa kitongoji, mtu mfupi mwenye mikono mirefu, ambaye jembe lake lilikuwa limelika mpaka likabaki kama kijiko. Natalia alikuwamo kwenye kundi la wanawake, amefunga kanga kiunoni, hamtazami Damiano hata kidogo. Mzee Fabiani naye alikuja, bila jembe, maana mkwe halimi kazi aliyokuja kuipima. Alikaa kwenye kigoda chini ya upenu. Ndani ya koti lake kilionekana kipande cha mwanzi kinachoning'inia shingoni, na ndani ya mwanzi ule umo mrija wake. Wazee wa Usevya hawakunywa kwa mrija wa kuazima, na mzee akiutoa wake nyumbani kwako, basi amekuhesabu mtu wake. Asipoutoa, ataaga vizuri tu na kwenda zake.

Kabla jembe halijagusa udongo watu huonyeshwa mtungi, na mwenye kazi hunywa wa kwanza mbele ya wote, roho zitulie. Mzee Cletus akauliza pombe iko wapi. Damiano alikuwa akiisubiri saa hiyo tangu Mpanda. Akalivuta blanketi kwa mkupuo mmoja, akarudi nyuma hatua mbili, akangoja vigelegele.

Hakikuja hata kimoja. Watu walizitazama zile chupa kama wanavyotazama mgeni asiyejua kusalimia. Mzee Cletus aliinama akachukua moja, akaipindua kichwa chini, akaielekeza kwenye mwanga, akairudisha mahali pake taratibu.

"Damiano, hii mtu anakunywa na nani?"

"Kila mtu na yake, baba mkubwa."

"Basi kila mtu akalime lake."

Kicheko kilipita, kifupi, kikaisha. Mama mmoja akataka kujua kama mwenye kazi ataonja zote hamsini kama desturi inavyotaka, na kama ataonja, wamwachie nani zamu ya kumbeba. Watu waliuliza mwenye chupa atageukia wapi wakati wa kunywa, na mgongo wake utamtazama nani. Halafu majembe yakaanza kupanda mabegani, moja, jingine. Hawakuwa na hasira. Walikuwa wanaondoka tu kama watu waliofika kwenye harusi wakakuta ni kesho. Pale upenuni Mzee Fabiani alijifunga kifungo cha koti, kile cha juu, penye mwanzi.

Damiano alihesabu siku zake. Lori la kurudi lilikuwa Jumatatu. Ulezi ulitaka siku nane. Aliyekuwa akihesabiwa chupa na Kashaulili nzima alikuwa amebaki na siku mbili, nyasi zinazomfika kiunoni, na mkwe aliyeshafunga kifungo.

Mtungi mkubwa wa Mama Eufrazia ulikuwa umefudikizwa pembeni mwa jiko. Natalia alipita hapo na jembe lake, kama mtu anayekwenda zake, akausimamisha, akaupiga vumbi kwa ncha ya kanga, akaendelea. Damiano mpaka leo anasema wazo lile lilikuwa lake mwenyewe. Natalia akisikia hutazama pembeni, na mimi katika mambo ya mke na mume sitii mguu.

Damiano alikokota kreti mpaka kwenye mtungi, akashika jembe la jirani, akang'oa kizibo cha kwanza kwa makali yake. Akamimina. Cha pili, akamimina. Kufikia cha kumi watu walikuwa wamesimama kuangalia. Kufikia cha ishirini majembe yalikuwa yameshuka chini na wanawake wawili walikuwa wanamsaidia kung'oa. Povu lilipanda likafika mdomoni mwa mtungi, likamwagika, mbuzi wa jirani akaja kuonja akafukuzwa. Mama Eufrazia alishika kichwa kwa mikono miwili. Mtungi ule aliufukiza mwenyewe kwa ajili ya ulezi, na sasa ulikuwa unachemka bila moto. Chupa ya hamsini ilipoisha, Damiano aliomba mrija, akapiga magoti, akavuta wa kwanza mbele ya watu wote. Gesi ilimtokea puani. Akameza, na uso hakuukunja.

Mzee Cletus akafuata. Alivuta mara moja, akainuka, akapiga chafya tatu zilizoshtua kuku. Watu walimngoja apanguse macho.

"Hii bado ina hasira," alisema. "Ifunikeni ipoe. Sisi tulime."

Basi wakalima. Na hapo ndipo mia na sabini za reli zilipoonekana zimetoka wapi, maana mkono uliozoea taruma jembe kwake ni kalamu. Damiano alishika mstari mmoja na baba yake mkubwa. Mzee akamuuliza kama nyapara wa Mpanda humlipa kwa mwendo ule wa kinyonga, Damiano akaongeza, mzee naye akaongeza, na nyuma yao mistari ikaona aibu ikaongeza. Nyasi zililala, udongo mweusi ukageuka, matuta ya kuzuia maji yakainuka pande zote nne. Jua lilipofika utosini jaruba la marehemu lilikuwa limerudi kuwa jaruba.

Waliporudi, Mama Eufrazia alitoa ungo juu ya mtungi. Povu lilikuwa limekufa. Jua lilikuwa limeipiga bia ile mpaka ikawa na joto la maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Mzee Cletus alichomeka mrija kwa tahadhari, akavuta kidogo, akavuta tena kwa muda mrefu macho amefumba.

"Sasa imeiva," akasema. Kisha akaomba maji ya moto, kama yanavyoongezwa kwenye mtungi wowote wa ulezi ili utamu upande.

Damiano alifungua mdomo aseme kwamba bia haitiwi maji ya moto, kwamba Mpanda huinywa ikiwa imetoka kwenye friji la mafuta ya taa, inatoa jasho. Akaufunga. Natalia alikuwa tayari amesimama na sufuria. Akamimina, mvuke ukapanda, na mshahara wa mwezi mzima ukatiwa maji ya moto mbele ya macho ya mwenyewe, naye akasogeza mrija wake katikati ya mirija ya wenzake akavuta. Vichwa viligusana. Mtu alianza kumsema mtu, wakacheka, mirija ikapishana.

Mzee Fabiani alikuwa ameondoka pale upenuni. Alikwenda peke yake mpaka jarubani, akazunguka matuta yote manne, akalikanyaga moja kwa kisigino kuona kama litabomoka. Halikubomoka. Aliporudi alichukua kigoda chake, akakisogeza mpaka kwenye duara, akafungua kifungo cha koti. Akautoa mrija kwenye mwanzi, akaupuliza usafike, akauchomeka katikati ya ule wa Cletus na ule wa Damiano. Alivuta. Duara lote lilitega sikio kumsikiliza akimeza.

"Bia ya mjini ni nyepesi," alisema. "Ila imelima."

Jumanne Damiano alirudisha kreti pale baa, maana chupa zilikuwa za wenyewe. Lakini kabla ya kuzikabidhi aliunganisha meza mbili za nje, akazipanga zote hamsini, nembo zikitazama barabarani, akakaa nyuma yake na shati jeupe, hana hata senti ya kuagiza soda. Kashaulili ilisimama kuhesabu. Watu walimuuliza kama kweli zote ni za Jumamosi moja, akasema ndiyo. Wakamuuliza kama alikunywa peke yake.

"Hapana," alisema Damiano. "Na baba mkwe."