Nimejibizana na meneja kwenye usaili

Leo nimemjibu meneja katikati ya usaili, na bado nina hasira.

Nina shahada ya uhandisi wa kilimo. Asubuhi nimetoka Kiberege kwenda kiwanda kimoja cha kukoboa mpunga, Ifakara.

Meneja, mama mtu mzima, akanipeleka kwenye mashine.

"Mchele unakatika sana. Irekebishe."

Nikamwambia sijawahi kuigusa. Mashine ile chuoni tuliichora tu kwenye mtihani.

"Kwani chuo hakikuwapeleka viwandani?"

"Hakikutupeleka, mama. Ila nilikuja mwenyewe hapahapa, mwaka wa pili, kuomba mafunzo kwa vitendo. Mkasema hampokei wanafunzi."

"Ni kweli hatupokei. Mnatuharibia mashine."

"Sasa uzoefu mnaoutaka tuupate wapi?"

Nilijua nimeshajiharibia.

Kazi sikupata. Lakini amesema Jumatatu nije nikae na fundi wao, nijifunze, bila mshahara. Nimekubali, ningefanyaje?

Chuo na kiwanda vingekaa meza moja mapema, haya yote yangetokea?

Nyumbani mama kauliza kama nimepata kazi. Nikamwambia nimepata mafunzo.

"Si ulishahitimu, mwanangu?"

Nyie mngemjibuje?