Maziwa ya Kibuyu cha Paskalina

Siku moja naikumbuka, mwanangu, hata nikisahau nyingine zote: siku baba yangu alipokwenda ukweni kwa binti yake na chakula chake mkononi. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, malori ya watu binafsi yakaanza kushuka kutoka Mbulu kwenda minada ya Hanang. Tulikuwa bado mkoa wa Arusha. Manyara ilikuja baadaye. Mitumba nayo ndiyo kwanza ilianza kujaa, na baba alivaa koti la sufu lililomfika magotini. Jua kali, jasho linamtoka, hataki kulivua. Lakini hayo ya koti tuyaache.

Dada yangu Paskalina alikuwa ameolewa na mfugaji wa Kibarabaig huko tambarare. Baba hakuwahi kumtembelea. Alisema mtoto wake kapotelea kwa watu wasiojua jembe. Mama alimsumbua mpaka akakubali, nami nikaambiwa nimsindikize. Akabeba makande ya kijijini kwetu Endagikot kwenye kindoo cha plastiki. Niliona aibu, ila kijana hamkosoi baba yake.

Tukafika. Shikamoo zikaisha, tukaketi juu ya ngozi. Dada akaleta kibuyu, akapiga magoti, akammiminia baba maziwa kwenye kata. Yalikuwa ya mgando, yana vidoa vyeusi, yananukia moshi. Wenzetu wale, mwanangu, husugua kibuyu ndani kwa kijinga cha moto ndipo watie maziwa. Hivyo hayaharibiki upesi. Sisi kwetu tulishazoea kuchemsha kwenye sufuria.

Baba akachungulia. "Yana majivu haya." Akavuta kindoo chake. "Mimi chakula ninacho. Mwacha mila ni mtumwa."

Dada hakuinua uso. Kata ilibaki mikononi mwake. Nikajua baba akila yale makande, dada hatakuwa na uso tena katika boma lile, na sisi ndio tutakuwa tumemtupa.

Mama mkwe wake, bibi mwembamba mwenye bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko, akacheka.

"Baba Paskalina, umetembea na jiko lako? Kuni je, umezisahau?"

Shemeji akainama kuficha kicheko. Baba akanuna. Bibi naye akaacha kucheka.

"Sikiliza, mzee mwenzangu. Huyu alipokuja hakujua kibuyu. Alikiosha kwa sabuni! Maziwa yakawa machungu, povu tupu. Mume wake akanywa. Mimi nikanywa. Watoto nikawaambia, atakayekunja uso nitamchapa. Asubuhi namwonyesha tena, kidogo kidogo, mpaka mkono wake ukajua. Sisi tusiomzaa tulimeza mabaya yake. Wewe uliyemzaa unakataa mazuri?"

Baba akakisukuma kindoo nyuma yake. Kisha akaipokea ile kata, akanywa yote, masharubu yakabaki meupe.

"Niongeze, mama," akamwambia dada.

Mama! Tangu aolewe hajamwita hivyo. Dada akamimina, mengine yakamwagika chini, maana machozi yalimziba macho.

Nyinyi wa siku hizi mnasafiri sana, mwanangu. Mnaoa Mbeya, mnaolewa Pemba, mnawekewa mezani vitu ambavyo sisi hatuna hata jina lake. Tembea uone, ni kweli, lakini kuna watu wametembea sana na hawajaona kitu. Ukiletewa chakula usichokijua, usiharakishe kuuliza kina nini ndani. Mtazame kwanza aliyekileta. Kumkatalia mtu chakula chake ni kumkatalia yeye na wote waliomfundisha. Na siku mkwe mgeni akiharibu mboga jikoni kwako, meza tu. Kufundisha kupo kesho. Hilo ndilo gumu zaidi, na yule bibi aliliweza. Shule mimi niliiacha mapema, lakini hili nililishika.

Haya, nenda. Mungu akufungulie milango ya watu, akupe tumbo lisilochagua na moyo usiodharau, na kila utakapoketi wakuhesabu wa kwao.