Mtoro Aliyefika Shule Kila Siku

Mjomba wangu Hobert Cogar, kaka yake mama, alikuwa mkamata watoro wa shule za wilaya yetu, kwenye mabonde ya makaa ya mawe ya West Virginia. Kazi hiyo aliipata baada ya dari ya mgodi kumwangukia na kumwachia mguu wa kulia usiokunjika. Mkuu wa elimu alikuwa akitafuta mtu anayejua kila nyumba ya kila bonde, mtu ambaye wazazi hawatamfungulia mbwa. Mjomba alitembea na fimbo, daftari, na gunia la viatu vikuukuu alivyoviomba makanisani. Alisema nusu ya watoro si watoro, ni watoto wasio na viatu.

Oleta Prunty alikuwa mmoja wa watoto aliowaleta. Alikuwa na miaka minane na hajui hata kuandika jina lake, kwa sababu mama yake, Treva, alikuwa mgonjwa wa kifua na Oleta ndiye aliyepika na kufua. Mjomba alikwenda kwao mara sita akarudi mikono mitupu. Mara ya saba alimkuta baba mtu, Okey, ametoka zamu, uso bado mweusi kwa vumbi.

"Okey, huyu mtoto ana kichwa. Niachie mimi nimpeleke shule," akamwambia.

Okey akakubali. Oleta akakalishwa dawati moja na mimi. Haikupita miaka miwili, yeye ndiye aliyekuwa akinisomea maneno magumu. Mjomba alipopita darasani alisimama mlangoni kumsikiliza, huku akijifanya anakagua daftari la mahudhurio.

Kisha vita vikaja. Denzil, mtoto wa pekee wa mjomba, akaingia jeshi la majini kabla hata ya Krismasi. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1942 ikaja amri: kila asubuhi, mwalimu na mwanafunzi wasimame, wanyooshe mkono wa kulia kuelekea bendera, kiganja juu, waseme kiapo. Asiyetaka atafukuzwa mpaka atii, na siku zote atakazokuwa nje atahesabiwa mtoro.

Akina Prunty walikuwa Mashahidi wa Yehova. Kabla ya hapo lilikuwa jambo la utani tu. Okey alisimama kila Jumamosi mbele ya duka la kampuni na magazeti yake ya dini, na watu wakimpita walimwambia, "Okey, mwisho wa dunia lini? Nataka kujua kama nipande viazi." Naye alicheka pamoja nao. Baada ya vita kuanza, hakuna aliyemtania tena. Walimpita kama nguzo.

Asubuhi ya kwanza ya amri ile, Oleta alisimama kama sisi wengine, mikono ameishusha.

"Oleta, mkono," akasema Mwalimu Lough.

"Siwezi, Mwalimu. Nimefundishwa tunamsujudia Mungu peke yake."

"Nani kakwambia usujudu, mwanangu? Nyoosha mkono tu."

"Kusimama nasimama, Mwalimu. Mkono sinyooshi."

"Mpelekeni kwa Hitler!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu Lough hakucheka. Kaka yake alikuwa kwenye kambi ya jeshi akisubiri kuvuka bahari. Akamwambia Oleta avae koti lake arudi nyumbani.

Kesho yake Oleta akaja tena. Maili mbili kwenye theluji, akasalimia, akaulizwa mkono, akakataa, akarudishwa. Keshokutwa yake vilevile. Mwalimu aliita majina, na alipofika jina lake aliandika "hayupo" huku Oleta bado amesimama palepale anafunga vifungo. Niliiona kalamu ikiandika. Mimi nilisogeza vitu vyangu katikati ya dawati, nikajitanua.

Siku kumi zilipotimia, jina likafika kwa mjomba. Alinichukua twende wote, nimpelekee Oleta vitabu alivyoviacha. Treva alitusogezea viti karibu na jiko, akatuwekea kahawa. Okey hakukaa.

"Okey, ndugu yangu, ni mkono tu," mjomba akaanza. "Anyooshe, asome, moyoni aamini anachoamini. Nani atajua?"

"Yeye atajua."

"Sheria inasema lazima mtoto awe shule."

"Hobert, sikiliza. Ulikuja hapa mara saba unanibembeleza nimlete shule. Nikamleta. Mkamfukuza. Sasa umekuja kunishtaki kwamba hayuko shule?"

Mjomba alikunywa kahawa yake ikaisha, akabaki ameshika kikombe kitupu.

"Sikuitunga mimi hiyo sheria," akasema mwishowe.

"Najua. Wewe unaandika tu," akasema Treva kutoka jikoni.

Aliandika. Karatasi ya mashtaka ilikwenda kwa hakimu na saini yake chini, na Okey akafungwa siku saba. Alipotoka, wachimbaji wenzake wakakataa kuingia naye kwenye lifti ya mgodi. Msimamizi akamwambia arudi vita vikiisha. Majira yale ya baridi nilimwona Oleta akiokota makaa kando ya reli, peke yake, na Treva alikohoa mpaka majirani walisikia kutoka barabarani. Hata hivyo kila asubuhi Oleta alikuwa mlangoni pa darasa letu, mikono chini.

Mwezi wa tatu mkuu wa elimu, Bwana Strader, akamwita mjomba ofisini. Safari hii alitaka mtoto mwenyewe apelekwe shule ya adabu, kule wanakopelekwa wasichana walioiba. Mjomba alitakiwa atoe ushahidi tu kwamba ni mtoro sugu.

Mjomba akaondoka na daftari lake. Wiki nzima, kabla ya kengele, alisimama barabarani chini ya shule yetu na fimbo yake. Sisi tulidhani anavizia watoro wengine.

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Mimi nilibanwa kati ya mama na mkaza mjomba wangu, Icie.

"Bwana Cogar, mtoto huyu hakufika shule siku ngapi?" akauliza hakimu.

"Hakukosa hata moja, mheshimiwa."

Hakimu akainua daftari. "Hapa siku thelathini na nane zimeandikwa hayupo."

"Zimeandikwa. Lakini nimesimama barabarani wiki nzima namwangalia kwa macho yangu. Anafika kabla ya kengele, anarudishwa. Mtoro namjua, mheshimiwa, nimewakamata miaka tisa. Huyu si mtoro. Huyu anafukuzwa."

"Hobert!" mtu akapaza sauti nyuma. "Denzil wako akisikia hayo huko aliko!"

Mjomba akashika meza. Nilihisi Icie akijikunyata kando yangu, kama aliyepigwa yeye.

Hakimu aliahirisha kesi, akaiahirisha tena, na mtoto hakupelekwa popote, wala hakurudishwa darasani. Bwana Strader alichukua daftari siku ileile na kumwajiri mtu mwingine. Wiki iliyofuata dirisha la mjomba lilivunjwa kwa jiwe, lile dirisha Icie alilotundika nyota ya kuonyesha nyumba ina mwana vitani.

"Ungekaa kimya tu, Hobert," Icie akamwambia, akiokota vioo. "Wote wamekaa kimya. Wewe una nini?"

"Kesi ile ya kwanza nilikaa kimya, Icie."

Mjomba alipata kazi ya kufunga geti pale reli inapokatiza barabara. Tulipoingia kanisani, watu walisogea kidogo kwenye benchi ili asikae karibu nao, nami nikajifunza kutoinua macho.

Juni ya mwaka uliofuata, mahakama kuu kabisa ya nchi ikaamua: hakuna mtoto wa kulazimishwa kiapo. Mjomba alisoma habari hiyo gazetini, akafunga koti, akapanda bonde mpaka kwa akina Prunty ingawa mguu ulikuwa umevimba. Alimkuta Oleta anafua.

"Umeshinda, binti. Septemba unarudi darasani."

"Sitaki," akasema Oleta.

Mjomba akamwangalia Treva. Treva akasema, "Nenda nyumbani, Bwana Cogar. Mara hii tutaamua wenyewe."

Septemba Oleta alirudi. Alikaa nyuma peke yake. Tulipoapa, alisimama kimya, na mwaka ule wote hakuna aliyesema naye, mimi nikiwemo. Nimekuwa mwalimu miaka mingi tangu hapo, na bado sijui ningemwambia nini.

Denzil alirudi salama mwaka 1945, ila sikio moja halikusikia tena. Mama yake alikuwa amemwandikia yote. "Mimi naungua baharini, wewe unawatetea wasiotaka hata kuinua mkono," alimwambia baba yake siku ya kwanza, na hawakulizungumza tena. Walikula meza moja. Walizungumza habari za mbwa na za mvua.

Mwaka uliofuata akina Prunty walihamia Ohio, ambako Okey alipata kazi kiwandani. Mjomba aliniomba nifuatane naye stesheni kuwaaga. Okey alimpa mkono, akaushika kwa muda. Oleta alinitazama, akasema, "Kwaheri, Neva," akapanda treni. Mjomba akamnyooshea Treva mkono. Treva akautazama, akafunga skafu yake vizuri shingoni, akapanda bila kuugusa.

Tulirudi kwa miguu, polepole kwa ajili ya goti lake.

"Watu huniuliza kesi ya pili tu," akasema tulipofika karibu na nyumbani. "Katika ile ya kwanza Okey alilala jela siku saba kwa saini yangu, na Treva ndani hana moto. Yule mama ana haki."