Bomba lipo uani, mimi nashuka bondeni

Admin nifichie jina, maana huku tunajuana. Mimi ni binti wa miaka ishirini na tatu, naishi na mama yangu karibu na Kitangari, Newala. Baba alishafariki.

Nilimaliza kidato cha nne nikakosa cha kufanya, nikaanza kurusha video za maisha yetu kwenye ukurasa wangu mtandaoni. Sijapaka chochote usoni, kanga kifuani, ndoo kichwani, napandisha mlima kutoka kisimani bondeni. Watu wakanipenda. Wakawa wananiita dada wa uhalisia, wanasema wamechoshwa na wanaoigiza maisha. Na kweli sikuwa naigiza, maji tulikuwa tunayafuata huko.

Mwaka huu kaka yangu anayefanya kazi Masasi akatuvutia maji mpaka uani. Mama alifurahi sana. Nami nikarusha video nakinga maji bombani. Wakanishambulia, eti nimeanza maringo, nimekuwa kama wengine. Wengi wakaondoka. Basi nikarudi bondeni na ndoo yangu. Nachota, narekodi, nikifika nyumbani yale maji namwagia mipapai.

Juzi msibani wanawake wakamuuliza mama, "Mama Hamisi (jina nimebadilisha), mwanao umemnyima bomba?" Akarudi nyumbani. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye mkeka, akavua kilemba.

"Tazama hapa utosini," akaniambia. "Nywele ziliisha kwa kubeba ndoo, ili nyie mnywe. Wewe unabeba ili uonekane."

Sikulia. Sikuona hata aibu. Nilichowaza ni kwamba angeyasema hayo nikiwa narekodi, watu wangeipenda sana hiyo video.

Tangu siku hiyo ananipikia, salamu anaitikia, mazungumzo hakuna. Nami kila asubuhi nashuka bondeni, nacheka mbele ya simu, nikiizima sihisi kitu, si furaha wala huzuni. Wanaonifuata wanaandika, "Usibadilike dada." Nasoma, naweka simu chini, naenda kupalilia.

Ndugu zangu, sitafuti wa kunitetea. Niufunge huo ukurasa, na ndicho kitu pekee ambacho watu wananijua nacho? Na mama nimwendee kwa maneno gani? Maana hata nikiwaza kumpigia magoti, kwanza naona simu nitaiegesha wapi. Nisaidieni mawazo, mimi yangu yameisha.